Mtoto wa Nne wa Mwashi

Mji ule ulizaliwa na tanuru za chokaa, na tangu hapo watu wake waligawanyika mafungu mawili: waliokuwepo kabla ya tanuru, na walioletwa na tanuru. Huwezi kuwatenganisha kwa sura, wala kwa matamshi, wala kwa namna ya kucheka. Lakini kila mtu alijua fungu lake, kama anavyojua mkono anaoandikia.

Mwalimu alikuwa wa fungu la kwanza. Alifundisha historia katika sekondari ya pale pale mjini, mama wa watoto wawili, na hata waliomzidi umri walimwita Mwalimu tu. Baba yake alifariki angali mdogo, akalelewa na baba yake mkubwa, mzee aliyejulikana kwa jina la Kisiki. Jina hilo mzee alijipa mwenyewe. "Sisi hatukuja," alipenda kusema huku akigonga sakafu kwa kisigino. "Sisi ni visiki. Barabara ilitukuta hapa, ikapinda." Watu walicheka, naye alicheka nao, lakini hakuwa anatania.

Kisiki alikuwa mwenyekiti wa kamati ya makaburi. Makaburi yenyewe yalikuwa mawili. Ya juu yalikaa mgongoni mwa kilima, kwenye udongo mkavu, na humo walizikwa watu wa koo zilizokuwepo kabla ya tanuru. Ya chini yalikuwa kando ya mto, nayo yalikuwa ya wengine wote. Kiangazi usingeona tofauti. Mvua zikianza, ya chini yaligeuka bwawa.

Mwaka huo alifika profesa mmoja mwanamke kutoka chuo kikuu, na wanafunzi wake wawili na kompyuta zao. Alitaka kujua watu wa mkoa ule wametokana na nani: wangapi wana babu au bibi aliyeingia kutoka nje, waliingia lini, na damu yao imeenea mpaka wapi. Alihitaji mwenyeji anayeweza kusoma mwandiko wa zamani na anayezijua koo. Wote walimtaja Mwalimu.

Kazi ilifanyika masijala, katika chumba cha nyuma chenye harufu ya karatasi zilizoloa zikakauka. Unaanza na mtu aliye hai. Unatafuta ndoa ya wazazi wake, maana kwenye ndoa huandikwa wazazi wa bwana na wazazi wa bibi. Unapanda. Unatafuta ndoa ya hao nao. Unapanda tena, mpaka kamba ikatike. Ikikatika, unageukia madaftari ya kampuni ya tanuru, ambamo makarani waliandika kila aliyeingia kutafuta kazi. Ukimkuta humo, unaandika alikotoka na mwaka. Usipomkuta, unaandika: haikupatikana. Mwalimu aliipenda kazi hiyo kuliko hata kufundisha. Alirudi nyumbani na vumbi puani, akiwasimulia watoto wake habari za watu waliokufa kama vile amekutana nao sokoni.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mwenye mikono mipana na mdomo usio na breki. "Nusu ya mji huu nimewaona uchi kabla ya mama zao," alikuwa akisema, "kwa hiyo asije mtu kunivimbia." Watoto wote wawili wa Mwalimu walipokelewa na mikono hiyo. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache, aliyeshinda barazani nyuma ya kibanda cha kioo, lenzi jichoni. Wote wawili walikuwa watu wa tanuru, wala hawakujificha.

"Mwanangu," Mkunga alimwambia jioni moja kupitia dirisha la jikoni, "na mimi nitafutie wangu. Bibi yangu mzaa mama aliingia hapa mgongoni mwa mama yake. Nataka nijue walitokea wapi kabla sijaenda kuwauliza wenyewe."

"Usiseme hivyo, Mama. Nitakutafutia."

Haikumchukua muda. Katika daftari la kampuni alimkuta baba yake yule bibi, kazi yake mwashi. Karani alikuwa na mwandiko wa kupendeza, herufi zimelala upande kama nyasi za upepo. Mwashi, mke mmoja, watoto watatu. Halafu, chini yake, mstari mwingine: *pamoja nao mtoto wa kiume, yatima, miaka kama minne, ameokotwa njiani, anatunzwa na mwashi.* Mwalimu alitabasamu. Alimpenda mwashi huyo papo hapo, mtu mwenye watoto watatu na safari miguuni, bado akainama kuokota wa nne.

Akataka kujua mtoto huyo aliishia wapi. Alifungua madaftari ya ndoa, akashuka nayo mwaka hadi mwaka, akamkuta: bwana harusi, *wazazi hawajulikani, amelelewa nyumbani kwa mwashi*, bibi harusi, binti wa ukoo mmoja wa kilimani. Alisoma jina la bwana harusi mara ya kwanza kwa haraka. Aliposoma mara ya pili, kiti kilimshinda kukalia.

Jina hilo alilijua tangu hajajua kusoma. Lilikuwa chini ya picha kubwa kuliko zote sebuleni kwa Kisiki. Ni baba yake babu yake. Ni kisiki chenyewe.

Alihakikisha. Alitafuta cheti cha kifo, akatafuta vizazi vya watoto wake, akaomba moyoni kuwe na watu wawili wenye jina moja. Hakukuwa. Mtoto aliyeokotwa njiani na mwashi alikuwa ameoa kilimani, akahamia kwa wakwe, akachukua heshima yao kama mtu avaavyo koti la kuazima, na hakulirudisha. Watoto wake wakalirithi. Na wajukuu. Na Mwalimu.

Chumbani hakukuwa na mtu mwingine. Wanafunzi wa Profesa walikuwa wametoka kwenda kula. Mwalimu aliweka vidole juu ya kompyuta, na mahali pa kuandika mwaka wa kuingia kwa ukoo wake akaandika: haikupatikana.

Baadaye alijaribu kujiambia kwamba alimwogopa baba yake mkubwa, mzee wa watu, aliyemlea na kumsomesha. Ilikuwa kweli, lakini kweli nusu. Nusu nyingine ilikuwa ngumu kumeza. Alipenda kuwa wa kilimani. Yeye aliyesimama darasani kila mwaka akawaambia watoto wa watu kwamba binadamu wote ni wasafiri, alipenda yeye asiwe msafiri.

Jioni alimpelekea Mkunga habari zake: nchi ya mwashi, mwaka, majina ya watoto. Mkunga alizipokea kama mtu apokeaye kichanga, kwa mikono miwili. Alimwita mumewe aje asikie. Kisha akakunja uso.

"Watoto watatu tu?"

"Watatu."

"Bibi alikuwa akisema walikuwa wanne. Kulikuwa na kakake mmoja, alikuwa akimlilia mama yake usiku, bibi anampa kidole chake ashike ndipo alale. Alipokua akaondoka, akawa akiwaona njiani anageuza uso. Bibi alizeeka akimtaja. Hukumwona huyo kwenye makaratasi yako?"

"Sikumwona, Mama."

"Labda alikuwa anaota, maskini." Mkunga akapunga mkono. "Wazee nao. Kaa unywe chai."

Mwalimu alikaa akanywa chai.

Siku ya kusoma matokeo, ukumbi wa mji ulijaa mpaka madirishani. Profesa alieleza taratibu, kwa maneno mepesi. Katika kila watu kumi wa mkoa ule, tisa walikuwa na angalau mzazi mmoja wa kale aliyeingia kutoka nje. Watu waligongana viwiko, wakachekana. "Ni koo chache sana," Profesa aliendelea, "ambazo hatukupata kumbukumbu ya kuingia kwao. Lakini kumbukeni, kutopata si kusema kwamba..."

"Hapo hapo!" Kisiki alikuwa amesimama. "Hizo koo, hebu zitaje. Anza na wa kwanza."

Profesa alitaja. Kisiki aliinua mikono yote miwili kama aliyefunga bao, akageuka ukumbi mzima umwone.

"Haya, kisiki chetu kimepata cheti!" Mkunga alipaza sauti kutoka viti vya nyuma, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko, Kisiki mwenyewe akicheka hadi machozi. Kisha Mkunga aliinama sikioni kwa Mwalimu aliyekaa kando yake. "Umefanya kazi nzuri, mwanangu. Nimejivuna utadhani nimekuzaa mimi."

Uso wa Mwalimu uliwaka. Mkunga alidhani ni haya ya kusifiwa, akampiga piga goti.

Mkunga alifariki mvua zilipokolea. Alianguka jikoni asubuhi, akiwa na sufuria mkononi, na daktari alipofika hakuwa na la kufanya. Mwalimu ndiye aliyemfunga kitambaa kidevuni. Alishika mikono ile mipana, akailaza kifuani.

Mchana huo Fundi Saa alikwenda kwa Kisiki. Mwalimu alikuwa ametangulia kumpa mzee taarifa, na ndiye aliyewawekea chai. Fundi alikaa ukingoni mwa kochi, viatu vyake vina tope, akivificha chini ya meza ili visichafue zulia.

"Mzee wangu," alisema, "nimekuja kuomba. Chini kule maji yamefika magotini. Nimekwenda kutazama mwenyewe. Siwezi kumweka mke wangu kwenye maji. Naomba nafasi moja juu. Moja tu. Mimi mtanizika mtakapo."

Kisiki alikoroga chai iliyokwisha kukorogeka. "Pole sana, Fundi. Marehemu alikuwa mama wa mji huu, hilo halina ubishi. Lakini nikikupa wewe leo, kesho nimpe nani? Zamani mlisema tunabagua kwa maneno matupu. Sasa kazi imefanywa na wasomi. Imeandikwa. Aliyetoka nje ametoka nje."

Fundi alimgeukia Mwalimu. "Mwalimu, wewe umeyasoma makaratasi yote. Alikupenda sana yule. Hakuna njia hata kidogo?"

Juu ya kichwa cha Fundi, kwenye picha kubwa, mtoto wa nne wa mwashi, sasa mzee mwenye koti na fimbo, alikuwa akimtazama Mwalimu.

"Utaratibu ndio huo," Mwalimu alisema.

Fundi alishukuru. Hilo ndilo lililomkata Mwalimu maini: kwamba alishukuru, akainuka, akaenda mlangoni akitembea kwa vidole vya miguu kwa ajili ya zulia.

Walimzika chini. Vijana walichota maji kaburini kwa ndoo, na kila walipochota mengine yaliingia kutoka pembeni, ya kahawia, na povu. Jeneza liliposhushwa halikutulia. Lilielea upande mmoja. Ilibidi wanaume wawili walikanyage mpaka lizame ndipo udongo utupwe. Binti mkubwa wa Mkunga alipiga ukelele mmoja, "Jamani, msimkanyage mama!" na watu walitazama chini. Mwalimu alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ilikuwa tope tupu, isingepasuka. Nusu ya waliosimama pale walikuja duniani kwa mikono iliyokuwa inazamishwa, na yeye mwenyewe alikuwa na watoto wake wawili kushoto na kulia, wamemshika sketi.

Hakuweza kula. Usingizi ulipokuja ulikuja na povu la kahawia. Mwisho wa wiki alikwenda masijala, akatoa nakala za kurasa mbili, ya daftari la kampuni na ya ndoa, akaziweka mezani mbele ya Kisiki.

Mzee alivaa miwani. Alisoma bila haraka, midomo ikicheza. Alipomaliza alivua miwani, akaikunja.

"Nani mwingine ameona?"

"Baba mkubwa, hushangai?"

"Nishangae nini? Baba yangu aliniambia siku aliponikabidhi nyumba hii. Baba yako sikumwambia. Baba yako alikuwa na mdomo."

Mwalimu alikaa polepole. Kumbe sebuleni mle, siku ile, watu wawili walikuwa wanajua, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiomba. Alikuwa amekuja na hotuba nzima ya kumsuta mzee, akaona hana mdomo wa kuitolea. Alichokuwa akikitazama ng'ambo ya meza ni uso wake mwenyewe uliozeeka.

"Nitasema kwenye kamati," alisema.

"Ukiwaambia, mimi nitabaki na nini?" Sauti ya Kisiki ilikuwa imepungua, kama redio inayokwisha betri. "Mimi sina kiwanda. Sina cheo. Nina hilo tu, mwanangu. Nimesema maneno yale miaka yote mpaka yakawa mifupa yangu. Subiri nife. Haitachukua muda. Nikifa, useme."

"Mama yule tayari yuko majini, Baba mkubwa."

Mzee aliichukua miwani. Alikuwa anajaribu kuirudisha miwani kwenye ganda lake na mikono haikumtii. Mwalimu aliinuka, akamsaidia kuiweka, kisha akaondoka. Ilikuwa mara ya mwisho kwa miezi mingi mikono yao kugusana.

Profesa alipopigiwa simu alikuwa mpole. "Tutarekebisha huo mstari. Makosa hutokea, Mwalimu, usijisumbue."

"Si kosa, Profesa. Niliona, nikaandika sikuona."

Halafu Profesa akasema, bila upole safari hii, kwamba itabidi kila ukoo alioushughulikia Mwalimu urudiwe na mtu mwingine. Mwalimu alisema anaelewa.

Kwenye kamati alisimama akasoma kurasa zote mbili, kisha akasema alilolifanya. Kiti cha mwenyekiti kilikuwa kitupu. Hakuna aliyemzomea, ingekuwa nafuu. Wajumbe walitazama mikono yao. Mmoja, mwenye duka la vitambaa, wa kilimani naye, aliuliza kwa sauti ya chini, "Na wa kwetu... uliwaangalia vizuri?" Hakuna aliyetaka jibu. Kabla hawajatawanyika waliifuta ile kanuni, na wakakubaliana kuchimba mtaro kando ya mto. Ulikuwa uamuzi mzuri. Ulikuwa umechelewa kwa mtu mmoja.

Nyumba ya Fundi Saa aliiacha mwisho. Ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, ingekuwa ya kwanza. Lakini alikuwa amegundua kwamba kuungama mbele ya wengi ni kwepesi kuliko mbele ya mmoja.

Fundi alikuwa barazani, lenzi jichoni, saa ya mkononi imefunguliwa mbele yake. Hakuinua kichwa.

"Nimekwisha kusikia," alisema. "Kwa muuza mkaa."

Hata hilo alikuwa amemnyima, kusikia kwa mhusika. "Nisamehe, Fundi. Ningekuja kwako kwanza."

"Ulijua lini?"

"Kabla ya mvua."

"Siku ile uliyotuletea habari za mwashi?"

"Siku ile ile."

Fundi alivua lenzi. Jicho lake lilikuwa na alama ya duara jekundu. "Alikuuliza juu ya yule mtoto. Nilikuwepo. Akakuuliza."

"Aliniuliza."

"Ukamwambia hukumwona." Alitikisa kichwa, si kwa hasira, bali kama aliyefungua saa akakuta kilichovunjika humo hakina kipuri. "Kaburi, hilo tungelimaliza. Maji hukauka. Lakini baada ya siku ile alikuwa akisema bibi yake alikuwa anaota. Aliyesema kweli maisha yake yote, mjukuu wake akafa akimwona mwongo."

Mwalimu alisimama na mikono yake, hajui aipeleke wapi. "Kamati imekubali ahamishiwe juu, ukitaka."

"Sitaki. Wamemkanyaga mara moja, inatosha." Gari moja lilipita, likarusha tope ukutani. "Mgeni ningekufukuza, Mwalimu. Ningekwambia usikanyage tena baraza hii. Sasa wewe ni kitukuu cha kakake bibi yake. Ndugu sijui namfanyaje."

"Nifanyie unavyoona."

"Wanangu wanakuja Jumapili. Uje uwaambie mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Alikwenda. Walikuwa sebuleni wote, wakubwa na wenzi wao na watoto, viti vimeazimwa. Alisimulia tangu mwanzo, hakuruka kitu, wala kile cha kupenda kuwa wa kilimani. Binti mkubwa alinyanyuka katikati ya maneno, akaingia jikoni, na sauti ya vyombo vikioshwa kwa nguvu ikawafikia mpaka mwisho. Mwana wa kati alimwambia machoni kwamba asitegemee salamu yake, na Mwalimu akasema hategemei.

Mdogo wao, aliyekuwa na tumbo la miezi minane na ambaye sasa angezaa bila mama yake, alingoja kaka yake amalize. Kisha akauliza, "Yule mtoto. Waliandika jina la mama yake?"

"Hapana," Mwalimu alisema. "Waliandika ameokotwa njiani tu."

"Njia gani?"

"Hawakuandika."

"Basi katafute," binti alisema, bila kumtazama. "Si ndiyo kazi yako?"

Mwalimu alisema ndiyo. Jikoni, vyombo vilikuwa vimenyamaza.